Sifuri ya uongo: historia ya kipimo kidogo kinacholinda redio zetu

Redio inaponyamaza Kasongo au Kabambare, wakaaji huuliza kwanza habari ya mafuta ya jenereta. Wakiambiwa mafuta yapo, wanauliza kama kuna mkubwa aliyeifunga. Ni wachache wanaouliza habari ya kipimo cha fundi. Lakini mtambo wa kurusha matangazo unaweza kuungua bila vita na bila ukosefu wa pesa: fundi anatazama kipimo chake, anaona sindano imelala kwenye sifuri, anaamini kwamba antena ni nzima. Kumbe antena imeharibika, na kipimo chenyewe kimekufa.

Jambo hilo haliwahusu mafundi peke yao. Familia zilizokimbia mapigano ya Salamabila na vijiji vinavyozunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya zinajua uzito wa redio. Mtandao wa simu haufiki kila kijiji kusini mwa Maniema, na hata pale unapofika, si kila mtu ana pesa ya vocha. Redio ndiyo inayosema barabara fulani imefunguka, mtoto fulani ameonekana kanisani, chanjo itatolewa siku gani. Mtambo ukiungua, transista ya mwisho, ile inayosukuma mawimbi kwenda antena, haiuzwi sokoni Kasongo. Inaagizwa mbali, na kimya kinaweza kuchukua wiki au miezi.

Basi inafaa kujua kipimo hicho kilitoka wapi, kinafanya nini, na kwa nini sehemu yake ndogo kuliko zote ndiyo inayokufa kwanza.

Kazi yake ni hii. Umeme wa mawimbi unatoka kwenye mtambo, unapita katika kebo, unapanda mpaka juu ya mlingoti. Antena ikiwa sawa, karibu wote unaondoka hewani. Ikiwa waya umekatika, maji ya mvua yameingia kwenye kebo, au kiungo kimeshika kutu, sehemu ya umeme ule inagonga ukuta na kurudi ulikotoka, kama mwangwi wa sauti mlimani. Mtambo ukituma wati 100 na wati 4 zikarudi, kazi inaendelea bila shida. Zikirudi 25, mtambo unaanza kupata joto ambalo haukuumbwa kulibeba. Fundi anahitaji namba mbili tu: zilizokwenda na zilizorudi.

Kuzipata namba hizo hakujawahi kuwa rahisi. Umeme wa bateri unakwenda upande mmoja, na sindano ya kipimo inaufuata. Umeme wa mawimbi unageuka mbele na nyuma. Katika redio ya FM unageuka karibu mara milioni 100 kwa sekunde moja. Hakuna sindano inayoweza kukimbia hivyo. Ndiyo maana kila kipimo cha mawimbi kina kitu kinachotangulia mbele ya sindano, kinachogusa mawimbi na kuyageuza yawe kitu ambacho sindano inaweza kufuata. Kitu hicho ndicho kihisi. Historia yote ya vipimo hivi ni historia ya vihisi vilivyoungua na watu waliotafuta vingine.

Maniema iliingia katika habari hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1911 na 1913, serikali ya Ubelgiji ilijenga mlolongo wa vituo vya telegrafu isiyo na waya kutoka Banana na Boma, kule baharini, kufuata mto hadi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, kisha kupanda Lualaba kuelekea Katanga. Lowa, Kindu na Kongolo zilikuwa ndani ya mlolongo huo. Aliyeusukuma mradi, akiungwa mkono na Mfalme Albert I, alikuwa mwanasayansi Robert Goldschmidt. Karibu wakati uleule reli iliunganisha Kindu na Kongolo. Kasongo ilibaki katikati ya vituo hivyo viwili, upande wa pili wa mto, ikisubiri tarishi wa miguu kama ilivyozoea tangu siku za misafara iliyopita Kabambare ikienda Ujiji.

Wazungu hawakujenga vituo vile kwa ajili ya wakaaji. Telegramu zilikuwa za serikali na za kampuni. Vita ya 1914 ilipofika na vijana wa Maniema wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi lililoingia Tabora mwaka 1916, hakuna mama aliyepelekewa telegramu ya kumwambia mwanawe yuko wapi. Hilo litajwe, kwa sababu leo redio inafanya kazi ambayo mashine zile za kwanza hazikuwahi kufanya.

Goldschmidt alijenga pia kituo kikubwa kule Laeken, karibu na Bruxelles, ili kuzungumza na Boma moja kwa moja. Tarehe 28 Machi 1914 kituo hicho kilirusha muziki hewani, mojawapo ya matangazo ya kwanza ya namna hiyo Ulaya. Miezi mitano baadaye, Agosti 1914, Wabelgiji wenyewe walikibomoa kisianguke mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo hata redio ya kwanza iliyojengwa kwa kufikiria Kongo iliangushwa na vita.

Kipimo cha siku zile kilikuwa waya tu. Kapteni Philip Cardew wa jeshi la Uingereza alikuwa amekionyesha katika miaka ya 1880: waya mwembamba, mara nyingi wenye platini ndani yake, unavutwa kati ya ncha mbili. Umeme ukipita, waya unapata moto, unarefuka kidogo, unalegea, na ule ulegevu unavuta sindano. Joto halijali kama umeme unakwenda mbele au unarudi nyuma, na hapo ndipo ujanja wake ulipo. Mwendesha kituo aliweka kipimo hicho kwenye waya wa antena, akarekebisha mashine mpaka sindano ifike mbali kabisa, basi akajua mawimbi yanatoka.

Lakini waya unaopata moto na umeme unapata moto na jua pia. Asubuhi sindano ilisimama mahali pengine na adhuhuri mahali pengine, bila mtambo kuguswa. Ilikuwa nzito kusogea. Na umeme ukizidi kidogo tu, waya ulikatika kama uzi. Fundi mwenye mikono mitulivu aliweza kuvuta waya mwingine, lakini ule mpya haukuwa na unene uleule, kwa hiyo namba za zamani zilizoandikwa kwenye uso wa kipimo zilikuwa hazisemi kweli tena. Tatizo hilo, la kutengeneza kihisi kisha namba zikakataa, lipo mpaka leo.

Baadaye kihisi cha pili kilichukua nafasi. Mwaka 1821, huko Berlin, Thomas Seebeck alikuwa amegundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa na kiungo kikapashwa moto, umeme mdogo unazaliwa. William Duddell wa Uingereza alitumia jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20 kupima mikondo midogo ya mawimbi. Waya mdogo unapashwa moto na mawimbi. Kiungo cha metali mbili kinakaa juu yake. Umeme wa kawaida unatoka upande wa pili na kusogeza sindano. Kipimo cha aina hiyo ndicho kilichokaa kwenye mitambo ya meli, ndege na majeshi kwa miaka mingi. Baada ya vita ya 1939-1945 vilibaki vingi hata vikauzwa rahisi Ulaya na Marekani, na mafundi wa huko bado wanaviokota kwenye masanduku ya vitu vya kale.

Uso wa kipimo hicho unatambulika mara moja: namba za chini zimebanana, za juu zimeachana, kwa kuwa joto linakua kwa mraba wa mkondo. Kina mtego wake pia. Fundi mgeni akitaka kujua kama kihisi ni kizima, anachukua kipimo cha ohmu na kukigusa. Bateri ndogo iliyomo ndani ya kipimo cha ohmu inaweza kutosha kukiunguza kile alichotaka kukikagua. Vingi vimekufa hivyo, mikononi mwa waliotaka kuviponya.

Kwa wakaaji wa kusini mwa Maniema, mashine ya mawimbi waliyoijua kwa karibu ni fonie. Misheni, hospitali, kampuni, halafu wafanyabiashara: sanduku juu ya meza, bateri ya gari chini yake, na waya uliotandikwa kati ya miti miwili au nguzo mbili. Kwa mawimbi ya megahezi 7 waya huo una urefu wa karibu mita 20, nusu huku na nusu kule. Sauti iliruka mamia ya kilomita mpaka Bukavu au Kindu. Katika miaka ya vita, barabara zikiwa zimekufa na treni haiendi, watu walipanga foleni mbele ya fonie za kulipia wakasema mambo yao kwa dakika, deni, mapenzi na msiba, huku foleni nzima ikisikia. Fonie iliagiza dawa. Fonie iliuliza nani yuko hai. Ndiyo maana wenye silaha, kila walipoingia mahali, waliitafuta mapema.

Mara nyingi kilichokufa kwenye fonie hakikuwa sauti, kilikuwa waya wa nje: upepo umeukata, mtu ameuiba, mti umeanguka. Anayeendesha anabonyeza na kupiga kelele, umeme wote unarudi ndani ya sanduku. Mwenye kipimo kinachosema kweli aligundua kabla ya kuunguza. Asiyekuwa nacho alitumia ampuli ndogo ya tochi, iliyofungwa karibu na waya wa antena: ikiwaka, mawimbi yapo. Njia hiyo ya kimaskini haikuwa mbaya. Ampuli pia ni waya unaopashwa moto. Ni kipimo cha Cardew kisichokuwa na sindano.

Kisha kikaja kile chenye diodi, na hapa inabidi kukaa zaidi, kwa maana ndicho kinachotumika bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Bird ya Cleveland, Marekani, ilitoa kipimo chake kinachoitwa Model 43. Ni sanduku la chuma lenye mpini wa ngozi, uso wa sindano, na tundu la mviringo mbele. Kinauzwa mpaka leo kikiwa karibu na sura ileile, na vile vya kale vimezunguka dunia nzima. Kebo ya antena inapita ndani yake katika bomba nene la metali. Katika tundu lile fundi anachomeka kichwa, kipande cha ukubwa wa kifuniko cha chupa kubwa, chenye mshale juu yake. Ndani ya kichwa kuna kitanzi kidogo cha chuma na diodi moja. Kitanzi kimepangwa ili mawimbi yanayokwenda upande wa mshale yajumlishwe, na yale yanayokuja kinyume yafutane. Diodi inageuza yaliyojumlishwa yawe umeme wa upande mmoja, na sindano inasogea. Mshale ukitazama antena, unasoma wati zilizokwenda. Ukigeuza kichwa nusu mzunguko, unasoma zilizorudi.

Kila kichwa kina wati zake na mawimbi yake. Chenye herufi H ni cha megahezi 2 hadi 30, yaani cha fonie. Chenye B ni cha 50 hadi 125, ndicho kinachofaa FM. Kichwa cha H kwenye mtambo wa FM hakisemi kweli, hata kama sindano inacheza vizuri.

Sasa tuje kwenye hatari. Mtengenezaji anaahidi kwamba kipimo kitakosea si zaidi ya asilimia 5 ya namba ya juu kabisa. Maneno hayo yanasikika mazuri. Lakini kichwa cha wati 500 kinaweza basi kukosea wati 25 mahali popote pa uso wake. Ukitumia hicho kusoma wati 10 zinazorudi, unasoma bahati nasibu. Kwa sababu hiyo mafundi huchukua kichwa kidogo, cha wati 50 au 25, kupima zinazorudi. Ni sawa kabisa, mradi mshale utazame mtambo. Siku fundi akisahau na kuugeuza mshale uelekee antena, wati 500 zinapita upande ule ambao kichwa cha 50 kinausikiliza, na diodi inakufa papo hapo. Haitoi moshi. Haitoi harufu. Sindano inarudi kwenye sifuri na kukaa pale kwa adabu.

Na sifuri, kwenye upande wa zinazorudi, ndiyo habari njema kuliko zote. Kesho yake mvua inaingia kwenye kebo, fundi anapima, anaona hakuna kinachorudi, anamwambia mkuu wa redio kwamba antena ni safi. Wanaongeza nguvu ili sauti ifike mbali zaidi. Hapo transista inaondoka.

Mkono wa fundi si muuaji wa pekee. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha hesabu ya radi duniani, iliyotokana na miaka 16 ya kutazama kwa satelaiti. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, Kabare ya Kivu Kusini ya pili, na ya tatu ni Kampene, hapa Maniema, wilaya ya Pangi, jirani yetu wa kaskazini: karibu radi 177 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mlingoti wa redio ndicho kitu kirefu kuliko vyote katikati ya nyumba za matofali. Radi haihitaji kuupiga wenyewe. Ikianguka karibu, umeme unaoingia kwenye kebo unatosha kuua diodi iliyoumbwa kubeba sehemu ndogo sana ya wati moja. Fundi anayeacha kipimo kimeunganishwa usiku wa mvua anacheza kamari na kihisi chake.

Kutengeneza kunaanza kwa kutenganisha aliyekufa na aliye hai. Sindano ya Model 43 inafika mwisho wa uso wake kwa mkondo wa maikroampea 30. Bateri moja ya volti 1.5 pamoja na rezista ya ohmu elfu 47 inatoa karibu mkondo huo. Fundi akiunganisha hivyo kwenye waya unaokwenda kwa sindano, nayo ikapanda, basi sindano ni nzima na kosa liko kwenye kichwa au kwenye kiungo. Rezista isisahauliwe: bateri peke yake itaipinda sindano ukutani.

Halafu kiungo. Ndani ya tundu kuna ulimi mdogo wa shaba unaogusa kichwa. Unyevu wa huku unauvika weusi, na kipimo kinasoma chini au kinarukaruka kichwa kikizungushwa. Dawa yake ni kitambaa na spiriti. Msasa haufai, unakwangua fedha iliyopakwa na mwaka ujao weusi unarudi maradufu. Vichwa vingi vinavyotupwa kama maiti vilikuwa vichafu tu.

Ikiwa diodi yenyewe imekufa, inabadilishwa, lakini diodi hazifanani. Za kale za jamanimu zinaamka kwa umeme mdogo. Za silikoni zinazopatikana kwenye redio mbovu zinachelewa kuamka, kwa hiyo wati chache zinazorudi hazitaonekana. Yaani fundi anaweza kutengeneza kwa mikono yake sifuri ya uongo ileile aliyotaka kuiondoa. Diodi za aina ya Schottky zinakaribia zaidi zile za kale. Kwa vyovyote vile, baada ya kubadilisha, namba za usoni hazina tena ahadi ya kiwanda, kama ule waya wa 1912.

Hapo ndipo wengi wanaposimama, wakidhani kupima upya kunahitaji maabara ya Kinshasa au Ulaya. Kuna njia mbili za kale. Ya kwanza inahitaji antena bandia, yaani rezista kubwa ya ohmu 50 inayomeza nguvu zote bila kurusha kitu. Katika ohmu 50, wati 100 zinafanya kilele cha volti 100 kamili. Diodi yenye kuvumilia zaidi ya volti 200, kondensa ndogo na kipimo cha kawaida cha volti vinatosha kusoma kilele hicho. Wati ni volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha kugawanywa kwa 100. Volti 50 ni wati 25. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya, ila mkono usiguse waya ule, unaunguza ngozi ndani kwa ndani.

Ya pili ni maji, na redio kubwa za dunia zimepima hivyo kwa miaka mingi. Rezista ile, ikiwa imefungwa vizuri isiguswe na maji, inazamishwa katika lita moja. Mtambo ukitoa wati 100 kwa dakika 10, maji yanapanda karibu digrii 14. Kipimajoto cha hospitali kinaishia digrii 42 na hakianzi chini vya kutosha, kwa hiyo kinatakiwa cha maabara ya shule. Chombo kikizungushiwa nguo nzito, joto halikimbii sana. Maji hayana diodi ya kuungua.

Fundi anayefanya kazi hiyo hulinganisha namba zake na za sindano kwenye nguvu tatu au nne tofauti, na kuandika kipande cha karatasi kinachobandikwa ubavuni mwa kipimo: sindano ikisema 50, kweli ni ngapi, ikisema 100, kweli ni ngapi, na tarehe. Kila asubuhi, kabla ya kusoma zinazorudi, anashusha nguvu ya mtambo mpaka chini ya uwezo wa kichwa chake kidogo, anageuza mshale kuelekea antena, anahakikisha sindano inapanda. Ikipanda, kihisi kiko hai. Ndipo anaugeuza mshale utazame mtambo, anarudisha nguvu, na kusoma. Ikikataa kupanda, redio inabaki kwenye wati chache siku hiyo, mji wa Kasongo unasikia, Kabambare haisikii, na transista inabaki nzima mpaka kichwa kitengenezwe.